Nani Anayelipia Ibada Yako? Mwongozo wa Kupatanisha Ibada, Shamba na Familia kwa Kaya za Matambarale

Kila ibada ina gharama, na gharama hiyo kuna mtu anayeilipa. Saa mbili za darsa msikitini baada ya magharibi ni saa mbili ambazo mtu mwingine anapika, anaogesha watoto na kumgeuza mgonjwa kitandani. Mkesha wa usiku kucha hulipiwa na yule atakayetangulia shambani peke yake kukipambazuka. Mbuzi wa maulidi, mchango wa bati za kigango, sare ya kwaya na nauli ya kongamano vyote hutoka kwenye mfuko uleule wenye daftari za shule na dawa. Hilo halina aibu, kwa kuwa kitu chenye thamani hakipatikani bure. Nyumba huanza kuumia pale anayeabudu ni mmoja na anayelipa ni mwingine, tena hakuulizwa. Mwongozo huu ni wako wewe unayelima mikorosho na ufuta Matambarale, na kote Ruangwa na Nachingwea, Mwislamu kwa Mkristo, unayetaka kumcha Mungu na familia yako isalimike. Hoja yake ni hii: ibada haina ugomvi na familia. Ugomvi unaletwa na ibada isiyopangiwa msimu, ambayo hakuna aliyesema wazi nani ataigharamia.

Nasisitiza msimu kwa sababu maisha ya kusini yamefungwa nao. Mvua ni ya kipindi kimoja kwa mwaka, huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Fedha huingia kwa mafungu mawili, ufuta ukiuzwa Juni na Julai na korosho kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka mpya. Kati ya Januari na Machi mambo matatu hukutana: ghala limepungua, palizi inadai nguvu kuliko wakati mwingine wowote, na shule zimefunguliwa. Hapo ndipo kangomba anapopata wateja, akinunua korosho za msimu ujao kabla hata mti haujatoa ua, kwa bei ya kutupa. Ukifuatilia deni la kangomba hadi lilikoanzia, si mara zote utakuta ugonjwa au uzembe. Mara nyingine utakuta ahadi njema, iliyotolewa Novemba mbele ya waumini kwa moyo mkunjufu, ambayo imekuja kulipwa Februari na watoto.

Mtu anaweza kusema kwamba siku hizi kuna stakabadhi ghalani, kuna vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), na mnada unaendeshwa na chama kikuu cha RUNALI, kwa hiyo mkulima anajua fedha yake iko njiani. Kujua kwamba fedha iko njiani si sawa na kuwa nayo. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walisubiri malipo hadi ndani ya mwaka 2019. Aliyekuwa ameweka nadhiri kwa kutegemea karatasi ya ghala alibaki na nadhiri mkononi na sufuria tupu jikoni.

Waliotutangulia katika dini walipangaje

Usidhani kupanga ibada kwa msimu ni ulegevu wa watu wa sasa. Wamonaki Wabenediktini, waliofungua misheni ya Ndanda mwaka 1906 baada ya Vita ya Maji Maji kuvuruga misheni zao za awali, wanaishi kwa kanuni iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Sura ya 48 ya kanuni hiyo inapanga saa za kazi ya mikono na saa za kusoma, na saa hizo hazifanani mwaka mzima: zinahama kati ya Pasaka, Oktoba na Kwaresima. Sura ya 50 inawaelekeza walio kazini mbali wasalie hukohuko waliko badala ya kuacha kazi na kukimbilia kanisani. Hawa ni watu waliotoa maisha yao yote kwa sala, wasio na wake wala watoto, na bado waliona jembe na sala visipopangwa pamoja kimoja kitakimeza kingine. Upande wa Waislamu, twarika za Kadiria na Shadhili zilizoenea kusini mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuta watu wa shamba na biashara. Nyiradi zao huelekea kusomwa baada ya alfajiri na baada ya magharibi, yaani kwenye kingo za siku ya kazi.

Maandiko nayo yanakwenda upande huohuo. Katika hadithi mashuhuri ya Salman al-Farisi na Abu Dardaa, Salman alimkuta mwenzake amezama katika kufunga na kusali hata mkewe ameacha kujitunza, akamweleza kwamba Mola, nafsi na familia kila mmoja ana haki yake. Mtume akathibitisha kwamba Salman amesema kweli. Surat al-Jumua inaamuru kuacha biashara wito wa sala unapotolewa, kisha sala ikimalizika inawatuma waumini watawanyike kutafuta riziki. Katika Injili ya Marko sura ya 7, Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa ya Mungu ili wakwepe kuwatunza wazazi. Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, inamhesabu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake kuwa ameikana imani. Wajibu wa nyumbani, kwa dini zote mbili, umo ndani ya ibada. Hauko nje ukipiga hodi.

Fanya hivi

1. *Chora mwaka mzima kwenye karatasi moja.* Weka mistari mitatu: kazi za shamba, fedha, na ibada. Shamba halibadiliki sana: kupanda mvua za mwanzo, palizi hadi Machi, kuvuna mahindi na mtama, kuvuna ufuta, kupulizia salfa mikorosho wakati wa kiangazi, kuokota korosho kuanzia Septemba au Oktoba. Ibada ya Kiislamu ndiyo inayohama, siku kumi au kumi na moja nyuma kila mwaka, na hapa pana jambo ambalo kila kaya inapaswa kulijua mapema. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8, ya 2028 mwishoni mwa Januari, ya 2029 katikati ya Januari. Mwaka 2030 zitakuwa mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba, kwa kutegemea mwandamo. Yaani kwa miaka kadhaa saumu itaangukia palizi, kisha upanzi, na baada ya hapo itaingia kwenye korosho. Hapa kwetu, karibu na ikweta, saumu ya miezi hiyo ni karibu saa 14. Kwa Wakristo, Jumatano ya Majivu ya 2027 ni Februari 10, siku mbili tu kutoka mwanzo wa Ramadhani, kwa hiyo kijiji kizima kitakuwa katika mfungo wakati jembe limepamba moto. Maulidi, kinyume chake, hadi mwisho wa muongo huu yataangukia Julai na Agosti, baada ya ufuta kuuzwa, na huo ndio wakati wa kuyafanya kwa nafasi.

2. *Andika anayelipa.* Chukua wiki moja ya kawaida. Kila ulipotoka kwenda msikitini, kanisani, jumuiya, kwaya au darsa, andika ulitoka saa ngapi, ulirudi saa ngapi, na nani alishika kazi uliyoiacha. Usikisie, muulize mwenzako. Katika nyumba nyingi jina moja litajirudia kwenye safu ya tatu, na litakuwa la mama wa nyumba au la binti mkubwa. Kisha fanya hesabu ya upande wa pili: huyo anayelipa amepata saa ngapi za ibada yake mwenyewe bila mtoto mgongoni? Kama hakuna, panga zamu. Jioni mbili kwa wiki mwanamume anabaki na watoto, mwanamke anakwenda darsani au kwenye jumuiya, au anakaa chumbani na msahafu au Biblia yake na hakuna anayemwita. Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoleta amani ya haraka.

3. *Weka kima cha chini cha msimu wa jembe.* Ni ibada ambayo hutaiacha hata palizi ikikuelemea. Mwislamu ana sala tano, na hazimlazimu kurudi kijijini kwa adhuhuri: maji ya kutawadhia kwenye kidumu na kivuli cha mkorosho vinatosha. Nyiradi ndefu zipunguzwe, zisifutwe. Mkristo aweke sala ya pamoja ya asubuhi kabla ya kutoka, Jumapili, na jumuiya mara moja kwa wiki. Mikesha ya kila wiki, safari za makongamano na khitma kubwa zisizo na sababu ya haraka zihamishiwe kiangazi. Wakati wa Ramadhani ya palizi, ingia shambani mara baada ya alfajiri na utoke saa nne au saa tano asubuhi, na kazi nzito ziishe kabla ya mwezi kuandama, kwa kukodi kibarua au kulima kwa zamu na majirani. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pande hizi, wamemzungumzia hata mvunaji: atie nia usiku, aianze siku akiwa amefunga, na akifikwa na tabu ya kuhofia madhara ndipo afungue na kuilipa siku nyingine. Muulize sheikh wako kabla, usisubiri kuanguka juani.

4. *Gawa fedha siku ileile ya malipo.* Kwanza deni. Pili chakula cha kufikia Mei, kinunuliwe na kuwekwa ghalani, kisibaki noti mfukoni. Tatu shule. Nne pembejeo. Baada ya hapo fungu la sadaka na michango ya hiari, likiwa na kiasi kinachojulikana na wote wawili. Zaka ya faradhi haimo kwenye fungu hili, maana yenyewe haingoji makombo. Kwa mazao ya chakula yanayowekwa akiba kama mtama na mahindi, yaliyokuzwa kwa mvua, ni moja ya kumi yakifika nisabu, ambayo hukadiriwa kama kilo 650. Kuhusu korosho na ufuta, pata jibu kwa mwenye elimu. Mkristo anayetoa fungu la kumi naye aliandike juu kabisa, na alihesabu kwa kilicholipwa. Kilicho ghalani bado hakijawa mapato.

5. *Keti na nyumba mara mbili kwa mwaka,* mwezi Juni na mwezi Oktoba. Mwambie na mjomba. Kwa Wamwera, ambao ukoo wao hufuatwa kwa mama, mjomba ana sauti na mzigo katika jando na unyago vya wapwa zake, na sherehe hizo za kiangazi hula fedha ileile ya maulidi, kipaimara na harusi. Ukiziacha nje ya karatasi, karatasi inakudanganya.

Kama kaya yako inaishi kwa mshahara wa zamu kwenye machimbo ya kinywe, kalenda yako ni tofauti na kanuni ni ileile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 katika siku ya kazi inayozidi saa tano, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Omba mapema, kwa maandishi, mapumziko hayo yaangukie saa ya sala, na sehemu ya likizo iangukie kumi la mwisho la Ramadhani au Juma Kuu. Kutoroka zamu kwa jina la ibada kunamwangushia mwenzako kazi yako, na hilo nalo ni malipo ambayo hukumuomba.

| KABLA YA KUTAMKA AHADI MBELE YA WATU |
|---|
| ☐ Fedha hii imeshafika mkononi au kwenye akaunti? |
| ☐ Mwenzangu anajua kiasi nitakachotaja? |
| ☐ Chakula cha hadi Mei kimo ndani? |
| ☐ Kuna anayenidai ninayemwomba subira huku ninatoa hadharani? |
| ☐ Ningetoa kiasi hikihiki kama jina langu lisingesomwa? |
| Jibu la nne likiwa ndiyo, au lolote kati ya mengine likiwa hapana, sema: "Nitaleta nitakachojaliwa." |

Pingamizi tatu na majibu yake

La kwanza husemwa na watu wacha Mungu kwelikweli: Mungu hapangiwi ratiba, na moyo ukiguswa utoe, usali, ukeshe. Nalichukua kwa uzito, kwa sababu ibada iliyobaki hesabu tupu ni kavu. Lakini tazama kwamba nguzo zenyewe za ibada zimekuja na nyakati. Sala ina saa, saumu ina mwezi, Hija ina siku zake, Pasaka ina Jumapili yake. Hisia huja na kuondoka, na siku hisia isipokuja, aliyeitegemea hiyo tu haamki alfajiri. Ratiba inailinda ibada siku ambazo moyo umechoka, na inamlinda jirani siku ambazo moyo umefurika kupita kiasi. Moyo ukiguswa Februari, sala ya usiku ndani ya nyumba haimgharimu mtu mwingine chochote, na hakuna aliyeizuia.

La pili ni kwamba kuhesabu sadaka ni ubahili na kupungukiwa imani. Ubahili ni kuwa nacho na kukizuia. Anayetenga chakula cha wanawe kisha akatoa kwa furaha kilichobaki hajazuia kitu cha mtu. Hija yenyewe, nguzo ya Uislamu, imefungwa kwa sharti la uwezo, na uwezo huo wanachuoni wameujumuisha na matumizi ya wale unaowaacha nyuma hadi utakaporudi. Ikiwa faradhi hiyo kubwa inasubiri nyumba ishibe, mchango wa sherehe hauwezi kudai kipaumbele zaidi. Pia viongozi wa misikiti na makanisa wana sehemu yao: harambee ziwekwe baada ya malipo ya ufuta na korosho, na Januari waumini waachwe wapumue. Imamu au katekista anayelima anaijua njaa ya Februari kama mtu mwingine yeyote. Aiseme kwenye kamati.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: mke anapata thawabu zake kwa kunihudumia nikiwa msikitini, kwa hiyo hakuna deni. Thawabu ni zawadi ya Mungu kwa anayejitolea. Hakuna mume aliyepewa mamlaka ya kuitoza kama kodi. Akijitolea kwa kuambiwa na kukubali, mna ibada mbili chini ya paa moja. Asipoulizwa, amefanyishwa kazi tu.

Makosa yanayoumiza mwili

Hapa usibahatishe. Mjamzito au anayenyonyesha, akihofia afya yake au ya mtoto, ana ruhusa ya kutofunga na kulipa siku baadaye. Palizi ya juani ikiongezwa juu ya saumu na mimba, hatari si ya kufikirika. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au anayetumia ARV aende zahanati wiki kadhaa kabla ya mfungo, apangiwe saa za dawa, na akiambiwa asifunge asifunge. Usiache dawa kwa sababu umeombewa: ombewa, na dawa endelea nazo, mpaka daktari, kwa vipimo, akuambie vingine. Watoto wanaojifunza kufunga wapewe nusu siku, na siku hiyo wasipelekwe shambani. Ratiba ya madrasa na ya shule ziwekwe kwenye karatasi ileile, ili mtoto asiwe na jioni saba za masomo bila hata moja ya kucheza.

Mpango huu pia una siku za kuvunjwa. Msiba ukitokea, karatasi inawekwa pembeni, kwa kuwa matanga hayahamishiwi kiangazi. Unachoweza kuchagua ni ukubwa wa arobaini, na hilo liamuliwe na wafiwa baada ya kuangalia ghala, kabla wageni hawajaalikwa. Mzazi akiugua, michango yote ya hiari husimama na fungu la sadaka linageuzwa nauli ya kwenda hospitali, Ndanda au kwingineko. Umweleze mweka hazina wa msikiti au kigango ana kwa ana, utaje ni mwezi gani unatarajia kurudi kwenye zamu yako ya kuchangia, na usilipe kwa kukopa.